Nani Anabonyeza Tarakimu?

Msomaji wa kurasa za teknolojia za mwaka 2024 angeweza kuamini kwamba Tanzania nzima ilikuwa imekaa ikingoja akili mnemba ije kutuandikia barua za maombi ya kazi, kisha iichukue na kazi yenyewe. Habari hizo zilitoka kwa mashirika ya nje, zikatafsiriwa haraka haraka, zikapewa picha ya roboti jeupe lenye macho ya bluu (roboti la magazetini halijawahi kuwa jeusi, na huenda hilo nalo linahitaji makala yake). Mwaka huohuo, jirani na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, kwenye nyumba za kupanga za Kiwalani, kuanzia Bombom hadi Minazi Mirefu, watu wasiopata hata sentensi moja kwenye kurasa hizo walikuwa wanarekebisha mfumo wa kompyuta. Sidhani kama nchi hii imewahi kuona rekebisho kubwa kama lile likifanywa kwa vidole vya wananchi wenyewe. Walisimama mbele ya mita ya LUKU, simu mkono huu, kidole cha mkono wa pili kwenye vitufe, wakabonyeza tarakimu 60. Kazi yao ilipewa hadhi ya tangazo la huduma kwa wateja, sawa na taarifa kwamba Jumapili umeme utakatika kuanzia saa tatu asubuhi.

Tueleze basi kilichotokea, maana kilipita bila kuelezwa vizuri. Mita hizi zinafuata mfumo uliobuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao leo umeenea katika nchi nyingi za Afrika na nje ya Afrika. Akili yake iko kwenye jambo moja: mita haihitaji kuunganishwa na mtandao wowote. Unaponunua umeme, kompyuta ya shirika la umeme inaandika ujumbe wa siri unaosema uniti ni ngapi na umetolewa dakika ipi, kisha inaufunga kwa ufunguo ambao, mbali na shirika, ni mita yako pekee inayoujua. Ujumbe huo, yaani tokeni, unafika kwenye simu ukiwa tarakimu 20. Mita ikiingiziwa tarakimu hizo inaufungua, inajiridhisha kwamba ni wake na haujawahi kutumika, ndipo inatoa umeme. Kasheshe ilikuwa kwenye ile dakika. Wabunifu walianza kuhesabu Januari 1, 1993, na nafasi waliyoitenga kwa hesabu hiyo inabeba dakika 16,777,216, basi. Ukizigawanya unapata miaka 32 kasoro kidogo, na siku ya mwisho ikaangukia Novemba 24, 2024. Baada ya hapo mita ambayo haijarekebishwa ingeitazama kila tokeni mpya kama karatasi ya zamani na kuikataa, hata kama mwenye nyumba amelipa fedha halali na risiti anayo.

Dawa ilikuwa kubadilisha ufunguo wa kila mita na kuanza hesabu upya. Kwa kuwa mita haina waya wala mtandao wa kuifikia, ufunguo mpya ulilazimika kupita njia ileile ya tokeni. Mteja aliyenunua umeme alipokea mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kubadilisha ufunguo, la tatu la uniti alizolipia. Ukikosea mpangilio, unarudi mwanzo. Sasa linganisha na habari tuliyoisoma kwa kirefu mwaka huohuo. Julai 19, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma rekebisho lenye kasoro, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikagoma duniani, mashirika ya ndege yakafuta safari, na wataalamu wenye vyeti vya kujaza ukuta wakalazimika kuzifuata mashine nyingi moja moja na kuzirekebisha kwa mkono. Tulisimuliwa kila saa ya mkasa huo. Huku kwetu rekebisho lilikuwa la mkono tangu siku ya kwanza, na wataalamu wake walikuwa mama ntilie, fundi wa kuchomelea mageti, dada wa saluni, na mwanafunzi wa darasa la sita aliyeitwa kwa sababu ndiye pekee nyumbani anayeziona namba ndogo bila miwani. Hawakulipwa posho ya mafunzo. Wala hawakufanyiwa semina Morogoro.

Hoja yangu ni kwamba karibu kila habari ya teknolojia inayotufikia ina mbonyezaji wake, na karibu kila mara mwandishi anamwacha nje. Tunaambiwa mashine imeondoa kazi. Ukiifuata ile kazi kwa subira utaikuta haijaondoka, imehama tu. Ilikuwa kwa mfanyakazi aliyelipwa mshahara, sasa iko kwa mteja anayelipia huduma. LUKU ni mfano bora kwa sababu kila mtu anaufahamu. Zamani shirika lilikuwa na wasoma mita waliopita nyumba hadi nyumba, makarani walioandika ankara, na mafundi waliopanda nguzo kumkatia mdaiwa. Siku hizi msoma mita ni wewe, na mjumbe wa kupeleka taarifa kutoka kompyuta ya shirika hadi ukutani ni wewe. Hata kazi ya kukata umeme ni yako, maana siku usipokuwa na fedha unajikatia mwenyewe kimyakimya, na hakuna wa kumlaumu. Waya uliokosekana kati ya simu na mita ni kidole chako.

Wapo watakaosema ninaibeza teknolojia iliyotuokoa, na nusu ya maneno yao nayakubali kabisa. Anayezikumbuka ankara za makadirio anajua LUKU ilileta nini. Mtu alisafiri miezi miwili, akarudi na kukuta anadaiwa umeme ambao hata popo wa darini asingeweza kuutumia, kisha akaenda kupanga foleni ili kubishana na karani. LUKU ilifuta ubishi huo. Ilimpa mpangaji mwenye kipato cha siku kwa siku nafasi ya kununua umeme wa siku kwa siku, kama anavyonunua mafuta ya kupikia ya kupima kwenye genge, na kwa mji wa watu wanaoishi kwa vibarua hilo ni jambo kubwa kuliko matangazo yote ya simu mpya. Simu ilipoanza kuuza tokeni, safari ya dukani ikaisha pia. Sisemi turudi kwenye ankara. Ninachokataa ni hadithi inayosema faida hiyo imekuja bure, kwa uchawi wa mashine peke yake, kiasi kwamba anayelalamika kwa kubonyeza tarakimu 60 usiku, gizani, anaonekana mshamba asiyependa maendeleo.

Tena kazi ikishahamia kwa mteja, mlango unakuwa umefunguliwa, na vitu vingine vinaingia kupitia hapohapo. Agosti 2021 serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU: Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Sh 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 viwango vikapanda, vikawa Sh 1,500 na Sh 7,500. Kwa mhasibu wa serikali huu ni ubunifu usio na mfano, kwani badala ya kumtafuta mwenye nyumba anayeishi kwingine na kubadilisha namba ya simu kila mwaka, unakwenda kwenye mita ambayo haina miguu. Ila kisheria mlipaji ni mwenye jengo, na kwenye nyumba ya kupanga anayenunua umeme ni mpangaji. Mita haijui tofauti yao. Inajua kwamba kuna mtu amebonyeza, na mtu huyo ndiye anayekatwa. Mpangaji aliambiwa amalizane na mwenye nyumba wake, yaani aende kumdai Sh 1,500 mtu mwenye uwezo wa kumpa notisi ya kuhama. Sijui ni mpangaji gani wa Kiwalani mwenye ujasiri huo. Gazeti lililoripoti habari ile kama ushindi wa mifumo ya kielektroniki katika ukusanyaji wa mapato liliandika ukweli, lakini upande mmoja tu.

Liko jingine lililojificha zaidi. Bei ya umeme wa majumbani ina daraja la watumiaji wadogo: wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wanaozidi hapo huhamia kwenye bei inayokaribia mara tatu yake. Nia ni njema, mnyonge asiumizwe. Sasa chukua nyumba ya vyumba sita, kila chumba na familia yake, mita moja ukutani. Kila familia ina balbu mbili, televisheni ndogo na pasi ya Jumapili jioni. Familia moja peke yake isingefika hata nusu ya uniti 75. Zikijumlishwa sita, mita inamwona tajiri mmoja mwenye jokofu kubwa, na inamtoza bei ya tajiri. Hivyo mnyonge aliyekusudiwa kusaidiwa analipia uniti yake ghali kuliko mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mita yake. Juu ya hapo anabeba kesi za ndani ya nyumba: nani ana hita ya maji, nani anaacha feni inazunguka akiwa kazini, nani hakuchanga wiki hii na bado anachaji simu tatu. Kama kuna mwandishi wa teknolojia anayetafuta mada ya kuumiza kichwa, ni hii hapa: kompyuta inayojua kuhesabu dakika tangu mwaka 1993 na haijui kuhesabu familia.

Mtindo huohuo unaonekana kwenye simu. Mei 2019 tulianza kusajili laini kwa alama za vidole, na mwisho uliokuwa Desemba 31 ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Kila aliyekuwa mjini anakumbuka foleni za vitambulisho vya NIDA. Miongoni mwa sababu tulizopewa ilikuwa kukomesha utapeli, kwa kuwa kila namba ingekuwa na mwenyewe anayejulikana. Vidole tukatoa. Ujumbe unaosema ile hela itume kwenye namba hii haujaacha kuingia, tena mwingine unafika Jumapili watu wakiwa kanisani, na ripoti za robo mwaka za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, bado zina sehemu ya majaribio ya ulaghai, huku mikoa ya Rukwa na Morogoro ikizoeleka kuwa juu kwenye orodha. Usajili umesaidia kukamata baadhi, sikatai. Lakini kazi ya ulinzi ilibaki kwa mpokeaji: yeye ndiye anayepaswa kuutambua ujumbe, kuupuuza, kuripoti namba, na kumwonya mama yake aliyeko kijijini kabla hajatuma. Watu wakaugeuza ujumbe ule kuwa utani. Leo ukichelewa kulipa deni, rafiki anakuandikia maneno yaleyale ya matapeli, na unaelewa unadaiwa. Naona mzaha huo una uchambuzi mwingi kuliko taarifa nyingi za uzinduzi, kwa sababu unamweka mtu kwenye kitovu cha habari.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba akili mnemba kweli ni jambo kubwa, na kijana wa Kiwalani ana haki ya kulijua kabla halijamfikia. Sawa. Basi tumweleze lote. Januari 2023 jarida la Marekani la TIME liliripoti kwamba watu waliosaidia kuifundisha ChatGPT itambue maneno machafu na ya ukatili walikuwa wafanyakazi wa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, waliokuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu ambao mtu mwenye akili timamu angelipwa ili asiusome. Hao ndio wabonyezaji wa akili mnemba. Wapo Afrika Mashariki, wengi wanazungumza Kiswahili, na kwenye picha ya roboti jeupe hawamo. Kisha kuna Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni yenye ChatGPT hiyohiyo, aliyetuletea kupitia mradi wa Worldcoin chombo cha kupiga picha mboni za macho. Wakenya wakapanga foleni ndefu kwenye ukumbi wa KICC, kila mmoja akitoa jicho ili apate sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama Sh 7,000 za Kenya, hadi serikali yao ilipousimamisha mradi Agosti 2, 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru data hizo zifutwe. Wapo waliowacheka waliopanga foleni. Mimi nadhani wale ndio waliofanya hesabu sahihi kuliko wote: angalau mbonyezaji alilipwa papo hapo kwa alichotoa, wakati sisi tumetoa vidole na hatukupewa hata soda.

Wengine watanijibu kwamba haya ni matatizo ya muda, na kwamba mita janja zinakuja, zinazojiandikia zenyewe na kupokea uniti moja kwa moja bila mtu kubonyeza. Mpango huo upo na TANESCO imekuwa ikiutangaza. Siupingi, lakini naomba tusome habari yake pamoja na ya Mei 12, 2024, wakati nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikayumba nchi nzima na waziri akaja kutueleza. Siku hiyo huduma nyingi zilizotegemea mtandao zilikwama. Mita ya ukutani haikujua kwamba kuna bahari. Ilikuwa na uniti zake, ikaendelea kuzihesabu. Mita janja itakuwa na faida zake, na pia itakuwa na uwezo wa kuzimwa kutoka mbali na kubadilishiwa bei bila mtu kugusa kitufe. Huenda itajengwa vizuri, ikaweza kuendelea mtandao ukianguka. Hilo ni swali la kumwuliza mhandisi kabla ya mkataba kusainiwa, na majibu yake yachapishwe kwa Kiswahili ambacho mpangaji atakisoma. Mkasi ukishakata utepe, hakuna mhandisi anayejibu simu ya mwandishi.

Na tusidanganyike kwamba kipya ndicho kinachodumu. Mwaka huohuo wa 2024 kampuni ya Humane ya Marekani ilianza kuuza kifaa cha kubandika kifuani, chenye akili mnemba, kwa dola 699 na ada ya kila mwezi, kikisifiwa kwamba kitatuondolea simu. Februari 28, 2025 kampuni ilizima mitambo yake, na kifaa kikabaki pambo la shati kwa sababu bila mitambo hiyo hakikuweza hata kupiga simu. Kilikuwa sokoni chini ya mwaka mmoja. Mita ya LUKU, yenye ubongo mdogo kuliko wa saa ya mkononi, ilifikishwa ukingoni na hesabu iliyoanza mwaka 1993, ikaongezewa maisha kwa tarakimu 40, ikarudi kazini jioni ileile. Kipi kati ya hivi viwili kilistahili ukurasa wa mbele? Najua jibu la mhariri: mita haiuzi gazeti. Nina shaka. Umeme ukiisha saa mbili usiku mechi ikiwa dakika ya 70, hakuna mada inayosomwa kwa makini kuliko ile karatasi yenye tarakimu 20.

Sitaki kurasa za teknolojia zifutwe, nataka ziongezewe swali moja. Kila inapozinduliwa programu ya kulipia hiki au kadi ya kupandia kile, mwandishi aulize ni kazi ya nani imehamishwa, imehamia kwa nani, na huyo aliyehamishiwa amelipwa nini au ametozwa nini. Akishapata jibu, arudi baada ya mwaka aone kama bado ni kweli. Wizara na mashirika hawatafurahi, kwa kuwa maswali hayo hayakai vizuri kwenye hotuba ya uzinduzi, lakini gazeti halichapishwi kwa ajili ya hotuba.

Kwa wahariri nina ombi la mapema. Katika kanuni za mfumo wa mita hizi, hesabu mpya ya dakika inaanzia Januari 1, 2014, na nafasi yake ni ileile ya dakika 16,777,216. Kwa hiyo itajaa tena Novemba 24, 2045. Kama mita za kubonyeza zitakuwa bado ukutani siku hizo, mtumeni mwandishi Kiwalani miezi sita kabla, azungumze na wapangaji kwanza, waziri baadaye.